Kilo 104, Lita Ngapi?

Dereva ana kilo 104. Ni mtu wa Makorora, amekulia Tanga, anaogelea tangu utotoni, na sasa anataka kitu ambacho wengi wa rika lake huwaachia watalii: windisafu, ule ubao wa kuelea wenye tanga unaoendeshwa kwa kusimama. Mbele yake kuna mbao tatu kuukuu zilizoingia na mitumba ya Ulaya. Wa kwanza una lita 115 na upana wa sentimita 65. Wa pili una lita 150 na upana wa sentimita 80. Wa tatu una lita 205 na upana wa sentimita 90, umekwaruzwa nyuma, na katikati una kibao cha kushusha majini ili chombo kisisombwe kwenda kando. Fedha alizonazo zinatosha ubao mmoja na tanga moja.

Achukue upi? Na waketi barazani watu wanne wamshauri, kila mmoja kwa alichonacho: kijana aliyefundisha michezo ya maji Paje, fundi wa ngalawa, mwalimu mstaafu wa fizikia, na shangazi mwenye duka ambaye baraza ni lake.

Kijana ndiye wa kwanza kusema. "Shikamoo mjomba. Usinunue pantoni. Ule mkubwa ni wa siku za mwanzo tu, ukishajua kusimama utauchoka, na hapa Tanga hutampata wa kumuuzia. Chukua huu mdogo, upate shida mara moja, ukihitimu umehitimu."

"Marahaba. Na huu mwili?"

"Mwili ndio mashine yenyewe, mjomba. Tanga likivuta kwenda demani, wewe unaegemea joshini kulizuia. Mzito analizuia tanga kubwa kuliko mwepesi, na tanga kubwa ndiyo mbio." Kijana anao mfano, tena wa Afrika hii hii. Novemba 2015, katika mji wa Lüderitz nchini Namibia, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia mita 500 kwa mwendo wa noti 53.27, yaani karibu kilomita 99 kwa saa. Uzito wake ni karibu kilo 100, na chini ya miguu yake palikuwa na ubao mwembamba.

Hapo kijana ana haki, na maneno hayo yapaswa kuwafikia watu wote wanene waliowahi kuambiwa kwamba bahari si yao. Uzito, mtu akishaanza kukimbia, ni nguvu. Tatizo la mfano wake liko kwenye mahali. Lüderitz watu walichimba mfereji kwa ajili ya mbio hizo, maji yamelala, na upepo wa jangwani huvuma kwa ukali ambao mvuvi wa Tanga angeuona tu akavuta ngalawa yake juu mchangani. Albeau hakuwa anajifunza kusimama.

Mwalimu anaomba kalamu na kipande cha boksi. "Tuanze na mwanzo. Kabla ya kukimbia, mtu huyu atasimama juu ya kitu ambacho hakiendi. Lita zilizoandikwa kwenye ubao ni ujazo wake. Ubao ukizama wote unasukuma maji kiasi hicho, na yale maji yaliyosukumwa ndiyo yanayoubeba. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025. Sasa hesabuni. Dereva 104. Ubao mdogo wenyewe 8. Tanga, mlingoti na fito ya kushikia, 10. Jaketi la kuokolea na mkanda wa kujitundikia, 3. Jumla kilo 125. Gawanya kwa 1.025, unapata lita 122."

Anapigia mstari. Ubao una lita 115. Upungufu ni lita saba, na hapo bado hajaanza kulivuta tanga litoke majini. Atakuwa amesimama juu ya ubao ulioko chini ya maji, unaoyumba kila upande.

"Lakini mwalimu," kijana anaingilia, "waliokomaa hawalivuti tanga kwa kamba. Wanalala majini, wanainua tanga kidogo, upepo unawanyanyua mpaka juu ya ubao. Ubao ukizama si hoja."

"Na upepo ukikata?"

Swali hilo ni la fundi, aliyekuwa kimya muda wote. Fundi haongei kwa lita. Katika maisha yake amechonga magogo ya mwembe na kuyafunga matengo, na chombo anakipima kikiwa na watu, nyavu na samaki, kwa sababu chombo kitupu hakimzamishi mtu. "Kwenye ngalawa upepo ukikata nina kafi, nina pondo. Yeye ana nini? Akitoka Ushongo kuelekea Maziwe, nusu ya njia upepo ukalala, ubao wa lita 115 haumbebi amesimama. Atalala juu yake apige maji kwa mikono, na mkondo unampeleka unakotaka."

Kisiwa cha Maziwe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1975, kiko kilomita chache tu mbele ya pwani ya Pangani. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sana hulifunika. Kwa macho ni karibu. Kwa mtu aliyelala kifudifudi juu ya ubao, huku tanga limeloa na limelala juu ya maji nyuma yake, ni safari nyingine kabisa. Kwa anayeanza, hoja ya fundi peke yake inatosha kuuondoa ubao wa lita 115.

Zinabaki mbili. Mwalimu anamaliza hesabu yake: ubao wa lita 150, ukiwa na kilo tisa zake, unamwachia dereva lita 27 za ziada. Ule wa 205, wenye kilo 15, unamwachia 76. Kwa anayejifunza, ziada ya lita 27 inatosha kumweka juu ya maji lakini haimpi nafasi ya kukosea. Akikanyaga nyuma kidogo, mkia unazama. Akigeuza tanga kwa pupa, ubavu unazama. Ziada ya lita 76 inamruhusu kusogeza miguu, kufikiri, kukosea na kurekebisha.

"Mnahesabu lita tu," fundi anasema. "Lita zinakufanya uelee. Kinachokuzuia usipinduke ni upana. Ngalawa yangu ni nyembamba, mtu mzima anakaa kwa kubana mapaja. Ingekuwa bila matengo, isingefika hata Kisiwa cha Toten pale mbele ya bandari. Matengo hayabebi mzigo mkubwa, yanatanua chombo."

Mwalimu anafurahi, kwa kuwa fundi amesema kwa mkono kile yeye alichokifundisha ubaoni. Kwa chombo kinachoelea, uwezo wa kukataa kulala upande hukua kwa upana mara upana mara upana. Chukua mbao mbili zenye urefu sawa, moja ya sentimita 60 na nyingine ya 85. Upana umezidi kwa chini ya nusu, lakini ukaidi wa kupinduka umekaribia mara tatu. Ndiyo maana mbao mbili zenye lita zilezile zinaweza kumtendea mtu mmoja tofauti kabisa: ndefu nyembamba inamyumbisha, fupi pana inamtuliza. Mnunuzi anayeuliza lita bila kuuliza sentimita ameuliza nusu ya swali.

Kwa mzito jambo hili lina uzito wa pekee. Kilo zake nyingi ziko juu, kifuani na tumboni, mbali na maji. Akiegemea kidogo, nguvu ya kulaza ubao ni kubwa kuliko ya mtu wa kilo 65 aliyeegemea vilevile. Kumpa lita nyingi kwenye ubao mwembamba ni kumfanya aelee vizuri huku akianguka kila dakika.

Kijana bado hajasalimu amri, na ni vizuri kwamba hajasalimu. "Sawa, kusimama mmeshinda. Lakini mnamwacha pale pale, amesimama. Mchezo huu utamu wake ni pale ubao unapoacha kusukuma maji ukaanza kuteleza juu yake. Hapo lita hazina kazi tena. Kinachobeba ni mwendo. Na ubao wa sentimita 90, kusi likikolea, unapigwa na mawimbi, unaruka pua juu, unakunyang'anya tanga mkononi."

Ni kweli. Ubao unapoteleza, maji yanaubeba kwa kupita kasi chini yake, na sehemu kubwa yake iko hewani. Upana uliokuwa neema unakuwa mzigo. Hata hivyo hapa pia uzito unabadilisha hesabu. Ubao unaomrusha mtu wa kilo 65 kwenye upepo wa noti 20, mtu wa kilo 104 anaukandamiza chini bila taabu kubwa. Kinachoitwa ubao mkubwa mno, basi, ni kikubwa kwa nani? Majedwali mengi ya wauzaji hupangwa kwa mtu wa kilo 75 au 80, na mzito anayeyasoma bila kujirekebishia anajikuta kila mara na kitu kidogo kuliko anachohitaji.

Tanga nalo linafuata sheria hiyo hiyo. Kuna kanuni ya makadirio: uzito wa mtu kwa kilo zidisha kwa 1.34, kisha gawanya kwa noti za upepo, unapata mita za mraba za tanga litakalomtelezesha. Kwa dereva, upepo wa noti 15 unadai tanga la mita za mraba 9.3. Kwa mtu wa kilo 70, upepo huohuo unadai 6.3 tu. Upepo ukifika noti 20, dereva anashuka mpaka 7, na ukifika 25 anashuka mpaka 5.6. Nguvu ya upepo haipandi hatua kwa hatua na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, na kwa hiyo noti tano za nyongeza zinabadilisha siku nzima.

Hapo ndipo mbao na matanga zinapofungana. Tanga la mita 9 linataka ubao wenye upana wa kulihimili, sentimita 75 au 80 kwenda juu. Ukiliweka kwenye ubao wa sentimita 65, mlingoti unauzamisha ubao kwa mbele. Kwa hiyo dereva mwenye ubao wa lita 115, hata akiisha kuhitimu, atasubiri siku za upepo wa noti 20 na zaidi. Pwani hii kaskazi la Desemba mpaka Machi na kusi la katikati ya mwaka mara nyingi huvuma chini ya hapo, na kati yake kuna maleleji, wakati upepo haujui uende wapi. Ubao mdogo ungekaa ukutani Makorora wakati wenzake wako majini.

"Sasa nami niseme," shangazi anaingia, ameshamaliza kumpimia mteja unga. "Mnazungumza kana kwamba bahari ina kina kila mahali. Mimi nimekwenda kuokota chaza na mama yangu. Maji yakipwa pale, unatembea mpaka unachoka, maji yako magotini. Huo ubao chini una nini?"

Ana pezi. Na pezi, anakubali kijana kwa sauti ya chini kidogo, hukua pamoja na tanga. Tanga la mita 9 kwa kawaida huenda na pezi la sentimita 46 mpaka 50. Kwenye pwani ambayo bamvua huinua na kushusha maji kwa mita tatu au zaidi, palipokuwa na maji ya kifua asubuhi huwa na nyasi, mwamba na miiba ya urumba mchana. Pezi likigonga mwamba ubao unasimama ghafla na mpandaji anaendelea mbele, na mzito hurushwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu ileile inayomfanya awe na kasi. Hii ni gharama ya kuwa mkubwa ambayo vitabu vya Ulaya havina haja ya kuitaja, maana maziwa yao hayapwi. Dawa zake ni mbili: kutoka maji yakiwa yanajaa, na kutumia pezi fupi pana lililolala nyuma, linaloteleza juu ya nyasi badala ya kuzikamata. Shangazi, ambaye hajawahi kupanda ubao, ndiye aliyeligusa jambo ambalo lingeuvunja kwanza.

Kijana anataja foili, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao mzima juu, maana huwawezesha wazito kuruka katika upepo mdogo. Nguzo yake ina urefu wa karibu mita nzima. Fundi anaangalia upande wa bahari, halafu anamwangalia kijana. Wanalipita.

Mwalimu anataka dereva ajue kwamba hata kwenye Olimpiki watu wameumia kwa swali hili. Ubao wa tanga uliingia michezoni Los Angeles mwaka 1984. Kuanzia Atlanta 1996 mpaka Athens 2004 ulitumika ubao wa aina moja, Mistral, mwembamba na mrefu wa karibu mita 3.7, na tanga la mita za mraba 7.4 kwa wote. Sheria iliruhusu kulipepea tanga kwa mikono ili ubao uende pasipo na upepo wa kutosha, na katika kazi hiyo wepesi walikuwa na nafasi kubwa. Kisha ukaja ubao wa RS:X, Beijing 2008 mpaka Tokyo, wenye upana wa sentimita 93 na tanga la 9.5 kwa wanaume. Paris 2024 wakahamia iQFoil, ubao wa foili, na wanaume kadhaa waliokuwa wamejikondesha kwa miaka ili washinde ilibidi waongeze kilo. Miili ni ileile. Kilichobadilika ni chombo, na mwili uliohesabiwa mzito mno ukageuka kuwa mwili unaotafutwa. Waasisi wa mchezo huko California, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliotengeneza ubao wao miaka ya 1960, waliacha desturi nzuri iliyokua baadaye: mbao zote sawa, lakini washindani wakigawanywa kwa uzito kama mabondia.

Dereva amesikiliza yote. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," anasema. "Nyinyi mnazigawa kilo zangu, mimi ndiye nitakayezibeba. Mwalimu, ukiwa wewe ungechukua upi?"

"205, bila kufikiri mara mbili. Na tanga dogo kwanza, mita 6 au 6 na nusu, lenye kukuvuta taratibu ujifunze."

"Fundi?"

"Uleule. Ukishaujua, wanao watajifunza juu yake, wawili kwa pamoja."

Kijana, akiuacha sasa ule mdogo, anashikilia 150. Hoja yake ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote alizotoa, na haipaswi kudharauliwa: mtu mwenye fedha ya ubao mmoja anunue ule atakaokaa nao. Ubao wa 150, wenye sentimita 80, unabeba tanga la mita 9, unateleza katika upepo wa noti 15, na dereva akishajua kazi utamfaa kwa miaka. Yeye mwenyewe yuko tayari kumfundisha. Itachukua muda mrefu zaidi, maanguko yatakuwa mengi, lakini hatanunua mara mbili.

Mwenye kuandika haya, akilazimishwa kuchagua, anasimama na fundi na mwalimu, kwa sababu moja ambayo haiko kwenye hesabu. Wazito wengi hawaachi mchezo huu kwa kukosa nguvu. Wanaacha kwa sababu siku ya kwanza walipewa ubao uliozama mbele ya watu, wakaanguka mara nyingi mfululizo, wakaamini kosa ni la mwili wao. Hakuna aliyewaambia kwamba lita hazikutosha. Gharama ya kuuza ubao mkubwa baadaye ni ndogo kuliko gharama ya mtu kutorudi majini kabisa. Na shangazi analo la kuongeza: yeye ana kilo 92, na hakuna hata mmoja kati ya waungwana hawa aliyemfikiria alipokuwa akihesabu. Wanawake wazito wa mji huu, anauliza, nao watapimiwa lini? Anayeuza vifaa kwa kudhani kila mwanamke ana kilo 55 atampa ubao wa mtoto na jaketi la kuokolea lisilofunga kifuani.

Kabla pesa hazijatolewa, shangazi anataka ule ubao wa lita 205 upimwe. Mizani anayo. Povu la ndani ya ubao kuukuu hunyonya maji kupitia nyufa, na maji hayo hayatoki yenyewe. Ubao wenye kilo 15 kwenye karatasi ukipimwa ukawa na 19, mnunuzi analipia kilo nne za maji, na analipia ubao unaooza ndani. Ile mikwaruzo ya nyuma ikaguliwe kwa kidole, na palipo laini pakataliwe. Mizani inasoma kilo 15 na nusu. Fundi anabonyeza mkia, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa.

Ubishi unaobaki ni wa siku ya kwanza. Mwalimu anataka alfajiri, bahari ikiwa shwari. Fundi anakataa katakata: alfajiri kuna umande, upepo wa nchi kavu, unaosukuma nje kuelekea mkondo wa Pemba, na mtu asiyejua kurudi hapelekwi na upepo wa kutoka. Angoje upepo utoke baharini, noti 8 mpaka 12, maji yakijaa, mbali na njia ya meli za bandarini. Kijana atasimama majini ameshika kamba iliyofungwa kwenye ubao. Kuhusu ule wa lita 150, anamwomba muuzaji asiuuze mpaka kaskazi lianze, na kwa hilo hakuna anayembishia.